Namna ya kutesti ma moduli ya Perl ku verisio yenye bado haijatoka, na ordinatere yako ya kawaida hapa Bukavu

Perl, ile luga ya kuandika programe, iko mu vitu mingi kuliko watu wanafikiriaka. Ukipiga `git send-email`, ni Perl. Ukisoma habari za picha na exiftool, ni Perl. Bibliotheke ya universite yenye inatumia Koha, ile programe yenye ilizaliwa New Zealand na ikaanza kazi mu Januari 2000, chini yote ni Perl, na tena Koha haijitoshelezi, inategemea ma moduli kibao (vipande vya kode vyenye watu wengine wameshaandika) zenye zinakaaka ku CPAN, ile gala kubwa ya kode yenye iko wazi ku intaneti tangu 1995 na leo iko na moduli zaidi ya 200,000. Sasa kila mwaka, kati ya mwezi wa tano na wa saba, Perl mupya inatoka: 5.36 ilitoka Mei 2022, 5.38 Julai 2023, 5.40 Juni 2024, 5.42 Julai 2025. Kila mara kuna kitu kimebadilishwa ndani, na kila mara kuna moduli fulani yenye jana ilikuwa inatembea muzuri, leo inakataa.

Wenye wanajuaka mbele ya wengine si kampuni. Ni watu tu, kila mutu na mashini yake, tangu 1998, wanajiita CPAN Testers. Wanachukua moduli, wanaipitisha ku Perl yenye bado iko jikoni, wanatuma ripoti. Hakuna mutu anakulipa, hakuna mutu anakuomba diplome, na hapa nitaonyesha namna ya kuingia mu hiyo kazi na mashini kidogo, kurant yenye inakatika na forfe yenye inaisha.

Namba zinasomwaka namna gani

Angalia namba ya katikati. Ikiwa ya kugawanyika na mbili (5.40, 5.42) ni verisio ya watu wote. Ikiwa haigawanyike (5.41, 5.43) ni ya majaribio, na inatoka moja kila mwezi, karibu na tarehe 20: 5.43.1, 5.43.2, na kuendelea mpaka iwe 5.44. Halafu kuna `blead`, hiyo njo tawi lenyewe mwenye wanaandika kode kila siku. Kwa sisi wenye tunahesabu megabaiti, achana na blead mwanzoni, chukua ile ya mwezi. Fishie yake ya .tar.xz iko chini ya megabaiti 15, lakini ukisema ufanye clone ya git yote unavuta historia tangu 1987, forfe inaisha mbele hata hujaona kitu.

Na usifikiri kama kitu kikiingia mu verisio ya majaribio basi kimeshakuwa sheria. Mu 5.41.3 walitoa operatere `~~` na ile alama ya ' yenye watu wa zamani walikuwa wanaandika mu majina ya package. Mjadala ukawa murefu, na 5.42 ilipotoka vyote viwili vilikuwa vimerudishwa, ila sasa unaweza kuvizima wewe mwenyewe. Kumbe kipindi cha namba za majaribio ni kipindi chenye mutu anaweza bado kusema "hapa munaumiza watu" na asikiwe. Ukisema kisha ya Julai, umechelewa.

Mufano wenye ninapendaka zaidi ni wa 2017. Mu Perl 5.26 walitoa nukta, yaani dosie mwenye uko, mu orodha ya mahali Perl inatafutaka fishie. Ilikuwa kwa usalama, na walikuwa na haki kabisa, juu mutu mubaya angeweza kuweka fishie yake mu /tmp na Perl ingeimeza tu. Lakini ma moduli mingi sana teste zao (programe ndogo zenye zinakuja na moduli kuhakikisha inatembea) zilikuwa zimeandikwa `do "t/kitu.pl"` bila `./` mbele. Zote chini. Wakajua mapema juu kulikuwa watu wenye walikuwa wanatesti 5.25 mwezi kwa mwezi, na hata hivyo ilibidi waweke `PERL_USE_UNSAFE_INC=1` ndani ya vyombo vya kuinstali ndio moduli za zamani zisikufe zote siku moja.

Ordinatere yako ni mbovu? Muzuri sana

Hapa njo penye watu wanakosea. Wanasema mi niko na ka laptop ka zamani, 32 bit, RAM 2 giga, nitatesti nini na hii. Ndugu yangu, ma Linux ya 64 bit mapya yenye iko na processere kali, wanazo mingi sana kule. Yenye inakosekana ni ile yako. Ripoti ina maana juu ya mashini yenye imetoka, kama mashini zote zinafanana basi ripoti elfu moja ni sawa na ripoti moja.

Na kuna kitu kingine, kifaransa. Mashini zetu mingi ziko `fr_FR.UTF-8`. Kuna teste mingi zenye zinaita programe ya inje, `tar`, `ls`, `gcc`, halafu zinatafuta mu jibu maneno "No such file or directory". Kwako `ls` itajibu "Aucun fichier ou dossier de ce type" na teste inaanguka. Ao namba: kwa kifaransa 3.14 inaandikwaka 3,14 na hiyo koma imeshavunja kode mingi yenye inapita ku maktaba za C. Mwenye aliandika moduli ile pengine hajawahi kukaa mbele ya mashini ya kifaransa siku hata moja, basi usibadilishe luga ya mashini eti ndio "iwe safi". Acha vile iko. Saa pia, ku `Africa/Lubumbashi`, acha vile.

Kutayarisha

Kitu cha kwanza, na hapa sitanii: kutesti moduli maana yake ni kuendesha kode ya watu usiowajua ndani ya mashini yako. Usifanye hiyo ku compte yako yenye iko na picha za familia na mot de passe. Fungua utilizatere mwingine (hizi komandi ni za Debian ao Ubuntu):

```
sudo adduser mujaribu
sudo apt install build-essential curl perlbrew libssl-dev zlib1g-dev
su - mujaribu
```

`libssl-dev` na `zlib1g-dev` usizirukie, bila zile kutuma ripoti kwa https kutakusumbua kisha utafikiri ni koneksio. Halafu, ukiwa ndani ya mujaribu (perlbrew njo chombo chenye kinakompaila Perl na kuiweka pembeni ya ile ya systeme):

```
perlbrew init
echo 'source ~/perl5/perlbrew/etc/bashrc' >> ~/.bashrc
source ~/.bashrc
perlbrew install -j 2 perl-5.43.2
```

Weka namba ya mwezi wenye uko, hiyo 5.43.2 ni mufano. Perlbrew ikiona namba isiyogawanyika inaongeza yenyewe `-Dusedevel`, juu Perl ya majaribio inakatalaka kukompailiwa kama hujasema wazi unajua unafanya nini. Ukikompaila kwa mukono utaiweka wewe, na utashangaa kisha kuona hakuna komandi `perl`, kuna tu `perl5.43.2`, ni makusudi, ndio isikalie Perl ya systeme.

Ku mashini nzee hii inachukua muda murefu, juu mbele ya kuinstali inapitisha teste zote za Perl yenyewe. Unaweza kuongeza `-n` ndio izirukie. Mi ningesema mara ya kwanza ziache zipite hata usiku muzima, juu zikianguka kwako na hazianguke kwa wengine, hiyo peke yake ni habari kubwa, unaipeleka kwa wenye Perl ku GitHub (Perl/perl5) bila hata kugusa moduli moja.

Sasa kurant. Ikikatika katikati ya kukompaila, usiendelee penye ilifikia. Kuna fishie ya .o itakuwa imeandikwa nusu, `make` itaiona iko pale, itasema sawa hii imeisha, na utapata Perl ya ajabu yenye inaanguka bila sababu. Futa dosie ile ndani ya `~/perl5/perlbrew/build/` na uanze upya. Haitakula megabaiti tena, ile .tar iko imewekwa ku `~/perl5/perlbrew/dists/`.

Ikimaliza:

```
perlbrew use perl-5.43.2
perl -v
perlbrew install-cpanm
cpanm App::cpanminus::reporter
cpanm-reporter --setup
```

cpanm njo chombo cha kuinstali moduli kutoka CPAN, na cpanm-reporter njo chenye kinatuma ripoti. Hiyo komandi ya nne inavuta moduli mingi nyuma yake, ifanye saa za forfe ya bei rahisi. Inaweza hata kuanguka, juu moduli zenye inategemea nazo zinapita ku Perl ya majaribio kama wengine wote. Ikianguka, usikasirike, umeshapata ripoti yako ya kwanza. Setup itauliza jina na email. Hizo zinaendaka pamoja na ripoti na ripoti ni za watu wote, basi tumia email yenye hauna shida watu waione.

Kutesti yenyewe

```
export AUTOMATED_TESTING=1
export NONINTERACTIVE_TESTING=1
cpanm MARC::Record
cpanm-reporter
```

Zile mbili za juu zinaambia moduli hakuna mutu mbele ya ekra, isiulize maswali. MARC::Record njo moduli yenye inasomaka fishe za vitabu za bibliotheke, nimeichukua juu ya Koha. Na kama unataka kutesti vyote vyenye Koha inaomba, chukua fishie yake yenye inaitwa `cpanfile`, hiyo moja tu, si Koha muzima, iweke mu dosie yake na upige humo:

```
cpanm --installdeps .
```

Hapo uko na kazi ya siku mingi. Na hiyo njo shauri langu kwa kuchagua moduli: anza na zenye zinatumika penye uko. Kuna wenye wanatesti CPAN nzima bila kuchagua, wako na mashini za kutosha, waachie.

`cpanm-reporter` inasoma `~/.cpanm/build.log` (ile log mwenye cpanm inaandika vyote vyenye imefanya), inatoa hukumu, inatuma. Hukumu ni nne: PASS teste zimepita, FAIL zimeanguka, NA moduli yenyewe inasema haitaki systeme hii ao Perl hii, UNKNOWN haikufika hata ku teste, kwa mufano kukompaila kumekwama. Angalisho moja, ile log ikipitisha dakika 30 itakataa kutuma, na iko na haki: inachukua habari za mashini saa ile ya kutuma, si saa ya kutesti. Ukitesti na 5.43.2, ukarudia ku 5.42, kisha ukatuma, ripoti itasema uwongo. Kama koneksio ilikatika na unajua hakika hakuna kitu umebadilisha, piga `cpanm-reporter --force`. Kama hauna hakika, testi upya.

Mbele ya kutuma FAIL, soma

Hapa njo nitakaa kidogo. PASS ya uwongo haiumizi sana. FAIL ya uwongo inachukua saa nzima za mutu, mahali fulani, mwenye anafanya hii kazi kisha ya kazi yake, anatafuta kosa lenye haliko mu kode yake, liko mu nyumba yako. Ukituma za namna hiyo mingi, ripoti zako zitaanza kurukiwa, na hiyo siku yenye utakuwa na kitu cha kweli hakuna mwenye atasoma.

Disike imejaa: tafuta mu log "Aucun espace disponible". Kila Perl na build zake zinakula nafasi, na `~/.cpanm/work` inavimba pole pole. RAM imeisha: utaona tu "Killed" ao "Processus arrêté" bila maelezo, piga `dmesg` utaona kernel njo imeua. Teste yenye inataka intaneti na koneksio ilikuwa imekufa saa ile. Maktaba ya C yenye hauna: Net::Z3950::ZOOM bila `libyaz-dev` haiwezi kupita hata ku Perl gani, na kosa si la mutu wa Perl.

Na ile yenye wazungu wa kwao hawaionaki sana: saa. Mashini nzee, pile ya CR2032 imekufa, kurant inakatika, mashini inaamuka iko mu miaka ya zamani sana. Mara moja sertifika zote za https ni mbaya, teste za tarehe zinaanguka, `make` inaanza kulia "Clock skew detected". Kila ukiamsha mashini piga `date` mbele ya kitu chochote. Pile ile si ya bei, nunua.

Ukishatoa hizo zote na bado iko FAIL, ipitishe pia ku Perl ya kawaida:

```
perlbrew install -n -j 2 perl-5.42.0
perlbrew use perl-5.42.0
cpanm MARC::Record
```

Ikianguka na pale, basi haihusiki na Perl mupya, ni moduli na mashini yako (mara mingi kifaransa!), rudia ku 5.43.2, testi upya, tuma vile iko. Ikipita ku 5.42 na ikaanguka ku 5.43.2, hapo macho wazi. Testi ku 5.43.1. Kama pale inapita, umeshaonyesha ni mwezi gani kitu kilivunjika, na ba programere wa Perl wako na chombo ndani ya kode yao, `Porting/bisect.pl`, chenye kinatafuta mpaka ku mabadiliko yenyewe. Kile hakifai ku mashini zetu, kinakompaila Perl mara nyingi mufululizo. Lakini kesi ya namna hii wanaifungulia tiketi yenye inaanza na BBC (redio haimo, ni kifupi chao cha kusema blead imevunja CPAN), na ukifungua yako ku Perl/perl5 ukiandika tu namba mbili zile, yenye inapita na yenye inaanguka, pamoja na matokeo ya `perl -V`, umeshawapa kazi nusu.

Kuiacha ifanye yenyewe usiku

Usiku kurant inakuwa afadhali na forfe ya usiku ni ya bei nafuu, basi andika majina ya moduli mu `~/orodha.txt`, moja kila mustari, na skripti hii mu `~/usiku.sh`:

```
#!/bin/bash
source ~/perl5/perlbrew/etc/bashrc
perlbrew use perl-5.43.2
export LANG=fr_FR.UTF-8
export AUTOMATED_TESTING=1 NONINTERACTIVE_TESTING=1
mkdir -p ~/anguka
while read m; do
  nafasi=$(df -m --output=avail ~ | tail -n 1)
  [ "$nafasi" -lt 1000 ] && exit
  if timeout 40m cpanm --reinstall "$m" </dev/null; then
    cpanm-reporter </dev/null
  else
    cp ~/.cpanm/build.log ~/anguka/"$m".log
  fi
done < ~/orodha.txt
```

Halafu `crontab -e` na mustari kama `0 1 * * * bash ~/usiku.sh`, ndio cron, ile yenye inaendesha programe saa yenye umepanga, iianzishe kila saa saba ya usiku. Ona vile PASS inaenda yenyewe na FAIL inawekwa pembeni. Ni makusudi. Asubui unasoma `~/anguka`, yenye unaona ni ya kweli unaipitisha upya kwa mukono na unatuma saa ileile. Watu wenye mashini kubwa wanaacha yote iende, mi kwa mashini ya hapa siwezi kushauri hiyo. Usitoe `</dev/null`, bila ile cpanm inaweza kumeza orodha yako na skripti inaisha kisha ya moduli moja. Na ule mustari wa LANG usiutoe, juu mara ingine cron haibebaki luga yako, unaweza kuwa unatesti kwa kingereza bila kujua na faida yote ya kifaransa imepotea.

Ikitoka verisio mupya ya mwezi, usikopie moduli kutoka ku ile ya zamani. Zenye ziko na kode ya C ndani lazima zikompailiwe upya, na Perl ya majaribio haiahidi kufanana na ya mwezi uliopita. Anza upya, badilisha namba mu skripti, na ile ya miezi miwili nyuma ifute: `perlbrew uninstall perl-5.43.1`.

Ripoti zako utaziona ku matrix.cpantesters.org, andika jina la moduli, utaona kila Perl na kila systeme. Siku ingine mwenye moduli atakuandikia kwa email, anauliza. Mara mingi anataka `perl -V` nzima, matokeo ya `locale`, na teste moja tu ipitishwe na maneno yote, hivi:

```
prove -bv t/ile-yenye-ilianguka.t
```

Hiyo unaipiga ndani ya dosie ya moduli, iko chini ya `~/.cpanm/work/`, lakini cpanm inafutaka zenye zimepitisha siku saba, basi kama umetuma FAIL kopia dosie ile mahali pengine mbele haijaenda. Kingereza chako kikiwa cha kuvunjika si shida, tuma log, watasoma log.